Mwili Ukitulia, Mtoto Husikia: Mazoezi ya Hisi na Viungo kwa Watoto Wenye Usonji

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, walezi na walimu. Yanaweza kusomwa kwa sauti katika baraza, mkutano wa wazazi shuleni au kliniki ya watoto.



Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inawahusu sana wazazi wa watoto wenye usonji. Mtoto anapojitupa chini sokoni, akaziba masikio na kupiga mayowe, waliosimama kando huona mtoto aliyedekezwa na mama asiyejua kulea. Wengine hushauri kiboko. Wengine hunong'ona habari za laana. Ni wachache wanaojiuliza kama spika ya duka la jirani ndiyo inayomuumiza masikio, kama moshi wa pilipili unavyomuumiza mtu mzima macho.

Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo: jinsi mtoto mwenye usonji anavyoipokea dunia kupitia hisi zake, na mazoezi mepesi ambayo familia inaweza kuyafanya nyumbani kwa vitu vilivyopo. Si tiba ya kuondoa usonji. Ni msaada wa kumwezesha mtoto kula, kulala, kuvaa, kucheza na kusoma kwa taabu iliyopungua.

USONJI NI NINI

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana maishani. Huonekana katika namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, na katika tabia ya kurudiarudia mambo yale yale au kushikilia utaratibu mmoja. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner alichapisha nchini Marekani maelezo ya watoto 11 wenye hali hiyo. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hivyo si jambo la familia moja iliyokosa bahati. Karibu kila kijiji kina mtoto kama huyo, hata kama hajawahi kuonekana nje ya ua wa kwao.

Sababu zake ni nyingi, na urithi una nafasi kubwa. Chanjo hazisababishi usonji. Uchawi hausababishi usonji. Wala mama hasababishi usonji kwa kutompenda mtoto. Dhana hiyo ya mwisho iliwahi kuaminiwa hata na wataalamu, ikawatesa akina mama kwa miaka mingi, kabla ya utafiti kuonyesha kwamba haina msingi.

Kwa muda mrefu, suala la hisi lilichukuliwa kuwa jambo la pembeni. Mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi unaotolewa na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani uliliingiza katika orodha ya dalili zenyewe: mtoto kuhisi mambo kupita kiasi, kuyahisi kidogo mno, au kuyatafuta bila kuchoka.

MILANGO SABA, SI MITANO

Shuleni watoto hufundishwa milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wale ambao hospitalini humsaidia mtu kujifunza kuvaa, kula, kuandika na kufanya shughuli nyingine za kila siku, huongeza miwili.

Wa kwanza ni hisi ya mizani. Makao yake ni ndani ya sikio. Ndiyo inayomjulisha mtu kama amesimama, ameinama, anazunguka au yuko ndani ya matatu inayokata kona.

Wa pili ni hisi ya misuli na viungo. Hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kupeleka kijiko mdomoni gizani bila kujidunga shavu, na kushika yai bila kulivunja.

Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo kutoka California, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 jinsi ubongo unavyokusanya habari za hisi hizi zote na kuzipanga ili mwili utende ipasavyo. Habari zisipopangika vizuri, mtoto huonekana mkaidi, mzembe au mwenye fujo, kumbe anapambana na kitu ambacho wengine hawakihisi.

Mtoto anayehisi kupita kiasi huziba masikio blenda inapowashwa, hulia akinyolewa, hukataa sweta ya shule kwa sababu inamwasha, na hutema chakula chenye mabonge. Mtoto anayehisi kidogo huenda asigeuke akiitwa, au akaumia asilie. Mtoto anayetafuta hisia hujizungusha, huruka juu ya kitanda siku nzima, hugongana na watu makusudi, hutafuna kola ya shati. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote tatu: akaogopa sauti na wakati huo huo akapenda kukumbatiwa kwa nguvu.

KWANZA, ANGALIA

Kabla ya zoezi lolote, mzazi achukue daftari la kawaida na kuandika kwa wiki moja. Kila mtoto anapovurugika, andika saa, mahali, kilichotangulia, alichofanya, na kilichomtuliza. Baada ya siku saba mara nyingi mchoro hujitokeza. Huenda vurugu huja kila jioni redio, televisheni na mazungumzo ya wageni yanapokutana. Huenda huja wakati wa kuoga, kwa sababu maji humwagwa kichwani bila onyo.

Jambo jingine la kuangalia ni ugonjwa. Mtoto asiyeweza kusema anaumwa hueleza kwa mwili. Sikio lenye usaha, jino bovu au choo kigumu kinaweza kumfanya ajipige kichwa. Mtoto ambaye tabia yake imebadilika ghafla apelekwe kituo cha afya kwanza. Vilevile, mtoto asiyeitika jina lake apimwe masikio kabla ya kuhitimishwa kwamba ana usonji.

KAZI NZITO HUTULIZA

Mazoezi ambayo familia nyingi huona ni rahisi kuanza nayo ni yale ya kusukuma, kuvuta, kubeba na kubana. Hulisha hisi ya misuli na viungo, na watoto wengi hutulia baadaye. Hayahitaji vifaa vya kununua.

Mtoto anaweza kubeba chupa ya maji ya lita moja au mbili kutoka kwenye mtungi hadi jikoni. Anaweza kusukuma kiti kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kuvuta gunia lenye nguo chache, kukanda unga wa chapati, kufua soksi na kuzikamua, au kumwagilia mboga. Mzigo uwe ule anaoweza kuubeba bila kupinda mgongo wala kushikilia pumzi.

Pasipo na kazi, kuna michezo. Kusukuma ukuta kwa viganja viwili huku mzazi akihesabu hadi kumi. Kutembea kama kaa, mikono na miguu chini, tumbo juu. Kuruka kama chura kutoka mlangoni hadi chini ya mwembe. Kuvutana kamba na kaka au dada. Watoto wengine wa nyumba washirikishwe, kwa sababu mtoto mwenye usonji naye anahitaji wa kucheza naye.

Mbano wa mwili pia hutuliza. Wapo watoto wanaopenda kukumbatiwa kwa nguvu, au kufungwa leso kiunoni na mabegani. Sharti ni mbili: mtoto mwenyewe awe ametaka, na aweze kujitoa wakati wowote. Kichwa, uso na shingo visifunikwe kamwe, wala mtoto asiwekewe kitu kizito akiwa amelala.

MIZANI NA MWENDO

Bembea ya kamba na gurudumu la gari chini ya mti imara ni kifaa kizuri. Mwendo wa polepole wa mbele na nyuma kwa kawaida hutuliza. Mwendo wa kasi na wa kuzunguka huchangamsha. Kwa hivyo bembea ya taratibu inafaa jioni kabla ya kulala, na kurukaruka kunafaa asubuhi kwa mtoto aliyezubaa.

Mazoezi mengine ni kutembea juu ya mstari uliochorwa mchangani, kupita juu ya gogo lililolazwa, kupanda na kushuka kilima kidogo, kujiviringisha kwenye nyasi, kudaka mpira wa karatasi huku amesimama kwa mguu mmoja. Mtoto anayeogopa miguu yake ikiondoka ardhini asinyanyuliwe kwa nguvu. Aanze kwa kukaa juu ya bembea huku miguu ikigusa chini, hata kama ni kwa wiki nzima.

Tahadhari ni hii: kifafa hupatikana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine. Mtoto ambaye amewahi kupata degedege au kifafa asizungushwe kabla ya daktari kutoa ushauri. Na kwa mtoto yeyote, zoezi likome mara moja akibadilika rangi, akitokwa jasho la ghafla, akitaka kutapika, akilia au akisukuma mkono wa mzazi. Anayesukuma mkono amesema hapana, hata kama hana maneno.

KUGUSA, KUTAFUNA NA KUSIKIA

Kwa mtoto anayechukia kuguswa, mguso thabiti huvumilika kuliko mguso mwepesi. Mkono uliowekwa begani kwa uzito ni afadhali kuliko kumtekenya. Mzazi amwambie kwanza, au amwonyeshe kitambaa cha kuogea, kisha ndipo amguse. Kumpaka mafuta baada ya kuoga kwa viganja vilivyotulia, kuanzia mikononi na miguuni, ni zoezi tosha.

Beseni la mchele, mahindi au mchanga safi ni uwanja wa mazoezi. Vitu vikavu vitangulie, vya majimaji vifuate. Mtoto aanze kwa kijiko, kisha kidole kimoja, kisha mkono mzima, kwa kasi yake. Kumshika mkono na kuutumbukiza kwa nguvu humfundisha hofu tu. Mtu mzima awepo wakati wote, kwa maana punje huingia puani na maharagwe hukaba koo.

Mtoto anayetafuna nguo apewe cha kutafuna. Vipande virefu vya karoti, tango au muwa vinafaa kwa mtoto anayejua kutafuna na kumeza, akiwa ameketi na akitazamwa. Kunywa uji mzito kidogo kwa mrija pia huipa midomo kazi.

Kuhusu sauti, mtoto hazoeshwi kelele kwa kupigiwa kelele. Redio ipunguzwe. Aambiwe kabla ya blenda au pikipiki kuwashwa. Safari ya sokoni ifanywe asubuhi kabla ya umati, kwa dakika chache, kisha muda uongezwe. Kofia, au kipande cha leso juu ya masikio, si aibu.

RATIBA NDOGO INAYODUMU

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi inayoishia kwa machozi. Zoezi liwekwe kabla ya jambo gumu. Chukua mfano wa mtoto wa miaka sita ambaye hulia kila asubuhi akivalishwa sare. Aamke, abebe chupa ya maji jikoni, asukume ukuta mara kumi, ndipo avae. Jioni, akitoka shule, apewe nusu saa ya utulivu bila maswali, kisha bembea ya polepole, kisha chakula. Mpangilio uwe ule ule kila siku, na uweze kuchorwa kwa picha ukutani, kwa kuwa watoto wengi wenye usonji hutulia wakijua kinachofuata.

Aidha, kazi hii isiachiwe mama peke yake. Baba, nyanya, shangazi na ndugu wajue ratiba. Nyumba ambayo mmoja anambembeleza mtoto na mwingine anamchapa humchanganya mtoto na kumchosha mama.

UKWELI KUHUSU MATOKEO

Ni haki ya mzazi kuambiwa ukweli. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza kwamba tiba za hisi zinaweza kutumika kama sehemu ya mpango mpana, lakini wazazi wajulishwe kwamba utafiti kuzihusu ni mdogo. Kilishauri pia kwamba wazazi wasaidiwe kupima kama tiba inamfaa mtoto wao.

Ushauri huo unatumika hata nyumbani. Chagua lengo moja linaloonekana: mtoto akae mezani dakika kumi, au avae sare bila kulia siku tatu kwa wiki. Andika hali ilivyo leo. Fanya mazoezi kwa wiki nane. Andika tena. Kukiwa na badiliko, endelea. Pasipo na badiliko, rudi kwa mtaalamu na mbadilishe mpango. Mazoezi haya pia hayachukui nafasi ya mafunzo ya mawasiliano wala masomo.

Yeyote anayeuza dawa, mafuta, maji au kifaa akiahidi kuondoa usonji kabisa anauza uongo. Familia zimeuza mbuzi na mashamba kwa ahadi kama hizo.

USALAMA WA MTOTO

Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani kimyakimya, na wengi huvutiwa na maji. Visima vifunikwe, mapipa yawekewe vifuniko, na majirani wote wamjue mtoto na wajue nyumba ya kumrudisha. Asiyeongea avae kitambulisho chenye nambari ya simu ya mzazi.

Ipo familia inayomfunga mtoto kamba ili mama aende shambani. Mara nyingi si ukatili bali ni kukosa msaidizi. Hata hivyo, kamba humjeruhi mtoto na kumnyima mwendo ambao mwili wake unauhitaji kuliko wa wenzake. Jirani anayejua hali hiyo asiishie kusengenya. Asaidie kumtazama mtoto kwa saa mbili, na kumfahamisha mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo hilo.

SHULENI

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko kwa mwanafunzi yeyote. Kwa mtoto mwenye usonji, kiboko huongeza maumivu juu ya maumivu na hakifundishi kitu. Mwalimu anaweza kumketisha mbali na dirisha na kengele, kumtuma apeleke vitabu ofisini anapoanza kuhangaika, kumruhusu asimame anapoandika, na kumpa kona tulivu ya kupumzika kwa dakika tano. Mabadiliko hayo hayahitaji bajeti, na huwafaa hata wanafunzi wengine wasiotulia.

PA KWENDA

Mzazi mwenye shaka kuhusu ukuaji wa mtoto asingoje aambiwe kwamba atabadilika akikua. Aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na kijitabu cha kliniki ya mtoto na lile daftari la wiki moja. Kutoka hapo anaweza kuelekezwa hospitali yenye mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wataalamu hao hufunzwa hapa nchini, kikiwemo Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha KMTC, na mmoja akimwona mtoto hata mara moja anaweza kuipangia familia mazoezi ya miezi kadhaa.

Kwa masuala ya shule, vipo vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo wengi huvijua kama EARC. Mfumo huo ulianza Kenya mwaka 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo humwelekeza mzazi kituo kilipo. Usajili wa watu wenye ulemavu hufanywa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya mtoto kupimwa katika hospitali ya umma.

Hayo yote si hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kupata elimu. Mtoto aliyefichwa chumbani amenyimwa haki hizo, hata kama aliyemficha anampenda.

Wazazi na walezi, anzeni na kidogo kilichopo: chupa ya maji, leso, mchanga, mti wenye kivuli. Majirani, mkimwona mtoto ameziba masikio sokoni, punguzeni sauti na mpisheni mama yake apite.